Tulinganishe Kozi, Tusilinganishe Ngazi: Bei na Thamani ya Vyeti vya Vyuo

Waheshimiwa wazazi na walezi, walimu wenzangu, nanyi vijana mnaosubiri kuomba vyuo,

Jambo hili nimelisema katika vikao vya shule, katika ofisi za kata na hata kwenye mikeka ya misiba, na leo nitalisema tena, kwa sababu kila mwaka matokeo yanapotoka swali ninaloulizwa huwa lile lile: "Mwalimu, kati ya shahada na stashahada, ipi ina faida?" Swali hilo halina jibu, na anayejaribu kulijibu anampotosha aliyeuliza. Udaktari wa binadamu ni shahada, na kozi ya miaka mitatu ambayo mwombaji ameichagua kwa sababu alama zake zilitosha, bila kujua inafundisha nini, nayo ni shahada. Ukizitia zote katika kapu moja kwa sababu zimepewa jina moja, hesabu yako imeharibika kabla hujaianza. Kozi hulinganishwa na kozi, chuo na chuo, na mwisho wa safari moja na mwisho wa nyingine. Ngazi za tuzo mnazijua, na mfumo wa NTA, yaani Tuzo za Taifa za Ufundi, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 10 umebandikwa katika kila ubao wa chuo cha kati, kwa hiyo sitaurudia hapa.

Nianze na bei. Mzazi akisema "bei" humaanisha ada. Ada ndiyo sehemu inayoonekana, lakini katika kozi nyingi za vyuo vya umma siyo sehemu kubwa ya gharama. Shahada nyingi za sanaa na biashara katika vyuo vikuu vya umma hutoza karibu shilingi milioni moja kwa mwaka, na za sayansi na uhandisi huzidi hapo kiasi. Sasa chukueni kalamu. Posho ya chakula na malazi inayokopeshwa na Bodi ya Mikopo, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tukikadiria siku 240 za masomo kwa mwaka, hizo ni shilingi milioni 2.4, na kwa miaka mitatu ni milioni 7.2. Ongezeni ada ya milioni 3 na vitabu kwa makadirio ya laki 6, mtapata milioni 10.8. Kijana aliyekopa fedha zote hizo akiajiriwa kwa mshahara wa shilingi 800,000, makato ya mkopo kwa sheria tangu marekebisho ya 2016 ni asilimia 15, yaani shilingi 120,000 kila mwezi. Deni hilo litakwisha baada ya miezi 90, ambayo ni miaka saba na nusu. Hapo bado tunahesabu baada ya ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha kufutwa mwaka 2021. Waliosoma kabla yake wanajua deni lilivyokuwa likinenepa huku wakilipa.

Sisemi mkopo ni mbaya. Bila Bodi ya Mikopo, watoto wengi wa wakulima wasingeingia chuo kikuu kabisa. Ninachokataa ni mzazi kusema "mtoto anasoma bure, amepata mkopo." Mtoto wako anasoma kwa mshahara wake mwenyewe ambao bado hajaupata, wala hajui kama ataupata.

Gharama nyingine ni miaka. Kijana anayemaliza kidato cha nne akapita kidato cha tano na cha sita, kisha akasoma shahada ya miaka mitatu, anaingia sokoni baada ya miaka mitano au zaidi. Mwenzake aliyekwenda moja kwa moja kusoma stashahada, kuanzia NTA ngazi ya 4 hadi ya 6, anaingia baada ya miaka mitatu. Miaka miwili ya mapato na uzoefu ni mali, na mzazi anayeiacha nje ya hesabu hajamaliza kuhesabu. Aliyekwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, katika chuo cha serikali analipa ada ya shilingi 60,000 kwa mwaka akiwa kutwa, au 120,000 akiwa bweni, na ada ya miaka yake mitatu haifikii ada ya mwaka mmoja ya chuo kikuu.

Basi VETA ndiyo bora? Ninaona vijana wamekunja uso. Sijasema hivyo. Cheti cha bei nafuu kisichofungua mlango wowote ni ghali kuliko shahada ya mamilioni inayofungua. Hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda, kwa kuwa thamani ya cheti inaeleweka vizuri ukiitazama kwa karibu, na mimi nimefundisha umeme miaka mingi, kwa hiyo nitatoa mfano ninaoufahamu.

Mtu amejenga nyumba yake ya vyumba vitatu. Amepiga plasta, sasa anataka umeme. Anamwita fundi wa mtaani, kijana hodari, ambaye amejifunzia kazi chini ya fundi mkubwa tangu alipomaliza darasa la saba. Kijana anatindua ukuta, anapitisha mabomba, anavuta nyaya, anafunga soketi na swichi, anapanga saketi kwenye kisanduku kikuu, anachimba shimo la waya wa ardhi. Nimezikagua kazi za vijana wa namna hiyo, na nyingine ni safi kuliko za wanafunzi wangu. Kazi imekwisha, mwenye nyumba anataka kuomba TANESCO wamuunganishie umeme. Hapo kijana anakwama. Maombi yanahitaji mchoro na uthibitisho wa mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, naye hana leseni. Hawezi kuiomba kwa sababu mwombaji hutakiwa kuonyesha cheti cha fani kinachotambulika, na cheti hana.

Mnajua kinachofuata, kwa maana wengi wenu mmejenga. Kijana anakwenda kumtafuta mwenye leseni. Mwenye leseni huenda hajawahi kukanyaga kiwanja hicho. Anapewa fungu lake, anagonga muhuri, karatasi zinakwenda. Kwa wiki nzima kijana amekuwa juu ya ngazi na vumbi la tofali machoni, na sehemu ya ujira wake imechukuliwa na mtu aliyekaa mezani dakika chache. Jambo hilo ni kinyume cha taratibu, ni hatari kwa wanaolala ndani ya nyumba hiyo, na ninalilaani kila ninapopata nafasi. Lakini litazameni pia kama somo la bei. Ule muhuri ndio thamani ya cheti, imehesabiwa kwa noti, nyumba baada ya nyumba. Kijana huyo analipa ada ya VETA kila anapomaliza kazi, ila anamlipa mtu mwingine, na haitakwisha maisha yake yote.

Nimewachukua baadhi ya vijana hao kwa mkono hadi VETA, kwenye utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hupimwa kazini, hufundishwa pale penye upungufu, kisha hupewa cheti. Wengi walikuwa wakidhani watarudishwa darasani kuanza moja na watoto wadogo, na hofu hiyo pekee iliwagharimu miaka. Mwenye ndugu wa namna hiyo, awe fundi umeme, mwashi, fundi magari au mpishi, ampelekee habari hii leo usiku.

Kwa hiyo, ninapoulizwa thamani ya kozi, nami huuliza maswali matatu. Kuna kazi gani ambayo sheria hainiruhusu kuifanya bila cheti hiki? Nani anakitambua? Na baada yake, naweza kupanda kwenda wapi? Yapelekeeni maswali hayo kwenye kozi za afya. Mwenye stashahada ya uuguzi na ukunga husajiliwa na baraza lake na kupewa leseni. Hakuna mwenye shahada ya utawala, hata awe na ufaulu wa daraja la kwanza, anayeruhusiwa kushika sindano badala yake. Yapelekeeni kwenye uhasibu. Shahada ya uhasibu peke yake haikupi haki ya kutia saini ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Haki hiyo hupatikana kwa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na usajili. Katika uhandisi, mwenye shahada hana budi kupita mafunzo kazini chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Mzazi anayepanga bajeti hadi siku ya mahafali peke yake amekatisha bajeti katikati ya safari.

Sasa nisikie pingamizi, kwa maana ninalijua. Mtaniambia kwamba serikalini mwenye shahada huanza na mshahara mkubwa kuliko mwenye stashahada. Ni kweli. Mwalimu wa shahada anaanza daraja la juu kuliko wa stashahada, na tofauti hiyo humfuata hadi pensheni. Lakini sentensi hiyo inaanza na neno "akiajiriwa," na ninyi mnalimeza neno hilo bila kulitafuna. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili. Aliyetazama picha za siku ile, vijana wamekaa majukwaani na bahasha mapajani kana kwamba kuna mechi, hawezi tena kulinganisha mishahara bila kuuliza ni wangapi wanaoigombea. Mshahara wa kwenye jedwali ni thamani ya nafasi ya kazi. Thamani ya cheti chako ni mshahara huo ukiupunguza kwa uwezekano wa kuukosa, na kwa miaka utakayosubiri ukiwa nyumbani.

Wapo pia wanaosema ni rahisi kwa mtu aliyekwisha kupata shahada yake kuwaambia watoto wa maskini waende kuchomelea. Pingamizi hilo ninaliheshimu, kwa sababu yapo mazungumzo ya ufundi stadi yanayofanywa na watu ambao watoto wao hawatakanyaga karakana kamwe. Jibu langu ni kwamba ngazi imewekwa ili ipandwe. Mwenye stashahada yenye wastani wa alama 3.0 anaweza kuomba shahada katika fani yake, akiwa na namba ya uhakiki ile mnayoiita AVN. Wahandisi wengi wazuri wa nchi hii walianza na FTC, cheti cha fundi sanifu, katika vyuo vya ufundi vya Dar Tech, Arusha Tech na Mbeya, wakafanya kazi, wakaendelea, na walipofika chuo kikuu walikuwa wakijua transfoma inanukaje ikiungua. Mtoto wa maskini akipita njia hiyo anafika kule kule, akiwa na kipato njiani. Kinachomwumiza ni kupelekwa kwenye shahada yoyote ili mradi iitwe shahada, kisha arudi na deni la milioni kumi kwenye nyumba ambayo iliuza shamba.

Muda unanibana, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia haraka. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 serikali inatoa mikopo pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwamo za afya, ualimu na ufundi, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Someni mwongozo wa mwaka husika, kwa kuwa orodha ya kozi hupangwa na serikali na haipaswi kuchukuliwa kwa mazoea. Vyuo binafsi vya afya vinatoza ada inayozidi milioni moja kwa mwaka katika stashahada, na juu yake kuna michango ya mafunzo kwa vitendo, mitihani na sare. Ombeni muundo wote wa ada kwa maandishi kabla ya kulipa senti ya kwanza. Wenye watoto wadogo, ulizeni shule zenu kuhusu mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, uliokuja na mitaala mipya.

La mwisho, na hili silifupishi. Kabla ya kulipa, hakikisheni usajili. Chuo cha kati na cha ufundi stadi kinatazamwa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, chuo kikuu kinatazamwa TCU, tume ya vyuo vikuu, na kinachotazamwa ni chuo pamoja na kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa huku kozi iliyotangazwa kwenye bango haina kibali. Nimekutana na binti aliyesoma miaka miwili akagundua hilo siku ya kuomba AVN. Suala la vyuo vya nje ya nchi nilikuwa nimeliandaa, lakini sitalifikia leo. Mwenye jina la chuo na kozi anayoifikiria aje nalo hapa mezani tukimaliza; rejista zipo kwenye mtandao, simu ninayo, na tutaitafuta pamoja.