Tuhesabu mikoko iliyosimama

Wazee, shikamooni. Ndugu zangu, mmeniomba nizungumzie namna ya kupima manufaa ya mikoko inayopandwa na wanavijiji. Nianze na hesabu tunayoipenda kupita kiasi, ile ya miche. Kila siku ya upandaji hutangazwa maelfu, ripoti ikafungwa hapohapo. Rudini baada ya miaka mitatu, mitano, mkahesabu iliyosimama. Tena angalieni kama kaa wamechimba mashimo yao, na kama chini ya miti kuna miche iliyojiotea bila mkono wa mtu. Msitu unaojizalia ndio uliopona.

Kati ya aina za mikoko, wengi hupanda ile inayoitwa mkoko hasa, kwa sababu mbegu yake ndefu huokotwa na kuchomekwa tu. Basi huchomekwa kila mahali, hata ukingoni mwa bahari wazi, makao ya mlilana, aina nyingine ya mikoko, mawimbi yakaing'oa. Kwingine barabara au mashamba ya chumvi yameziba mkondo, maji hayafiki hata siku za bamvua, bahari inapojaa sana. Hapo fungueni mkondo kwanza. Mara nyingi maji yenyewe huleta mbegu.

Sasa twende Gazi, kaunti ya Kwale, Kenya. Miaka ya 1970 msitu ule ulikatwa sana kwa kuni za viwandani. Miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji wakaanza kuurudisha, na mwaka 2013 Gazi na Makongeni wakaingia katika mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hati za hewa ya ukaa ambayo msitu huizuia isiende angani, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Eneo lake ni hekta 117. Lakini takriban 107 kati ya hizo ni msitu wa asili unaolindwa. Uliopandwa ni kama hekta 10.

Hesabu hiyo naomba tuitafakari sana. Faida kubwa ya Gazi imetokana na miti ambayo haikukatwa. Na kaboni nyingi ya mikoko imo ndani ya tope. Msitu ukifyekwa, tope hupata hewa na kuiachia kaboni hiyo iende angani kama hewa ya ukaa. Kwa hiyo mpimaji anayehesabu mashina peke yake ameacha nje sehemu kubwa ya mali. Ulinzi nao hupimwa kwa kulinganisha: msitu wa jirani usiolindwa una hali gani? Je, shoka limehamia huko? Tukilinda kijiji kimoja boriti zikakatwa cha pili, hatujaokoa kitu.

Fedha za Gazi zimeingia kwenye maji na shule, jambo ninalolisifu kwa moyo wote. Ila bomba la maji halimrudishii mkata boriti riziki yake, wala halimpikii mama aliyezoea kuokota kuni kwenye mikoko. Gazi walipanda mivinje kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mkienda kupima, vueni viatu vya tope, ingieni jikoni, muulize ni kuni gani zinazowaka na zimetoka wapi.