Kilo Tatu za Mkate

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Swali nililoletewa ni hili: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu walijua habari za kambi za Wanazi, watawala wa Ujerumani wa wakati ule? Na Wayahudi wenyewe, walijua wanakopelekwa?

Kwa Wajerumani jibu ni jepesi. Kambi ya Dachau, hukohuko Ujerumani, ilifunguliwa Machi 1933, na Himmler, mmoja wa wakuu wa Wanazi, akaitangaza magazetini. Serikali ilitaka raia waijue, ili waiogope. Kilichofichwa ni kambi za maangamizi zilizokuja baadaye katika ardhi ya Poland: Chełmno mwishoni mwa 1941, kisha Bełżec, Sobibór na Treblinka. Naomba sana tusizichanganye. Dachau mtu alifungwa na kuteswa, na maelfu walifia humo. Treblinka, karibu wote walioshushwa kwenye treni waliuawa siku hiyohiyo.

Sasa twendeni Warsaw, mji mkuu wa Poland. Tarehe 22 Julai 1942 Wanazi walianza kuwaondoa watu wa geto, yaani mtaa uliozungushiwa ukuta walimofungiwa Wayahudi, wakidai wanawapeleka mashariki kufanya kazi. Ndani ya geto watu walikuwa wakifa njaa barabarani. Basi likatoka tangazo: atakayejileta mwenyewe atapewa kilo 3 za mkate na kilo 1 ya jemu. Watu wakaja, wengine na familia nzima. Nawaombeni tutulie hapo kidogo. Mama ambaye kwa miezi hajawashibisha wanawe anajiuliza: mtu anayetaka kuniua, mkate wote huu atanipa wa nini? Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Nikisikia mtu anasema walikwenda kama kondoo, huwa naumia, maana anamlaumu mama huyo na kumwacha yule aliyemgawia mkate.

Walikuwepo waliotaka uhakika. Bund, chama cha kisoshalisti cha Wayahudi, kilimtuma Zalmen Frydrych azifuate treni. Mfanyakazi wa reli alimsaidia kufika mji wa Sokołów, karibu na Treblinka. Wenyeji wakamweleza wanachokiona: kila siku treni inapita imejaa watu, inarudi tupu, na hakuna shehena ya chakula inayokwenda upande ule. Maelfu wanaingia, na hakuna anayewapelekea hata gunia la viazi! Palepale Sokołów akakutana na Azriel Wallach, mwenzao aliyetoroka Treblinka, mwili wote majeraha. Bund wakazichapa habari hizo kwenye gazeti lao la siri. Wengi walizisoma, wakakataa kusadiki.

Nje nako zilifika. Ripoti ya Bund ilitoka Warsaw kwa siri Mei 1942, ikasikika BBC mwezi Juni, kabla treni ya kwanza ya Treblinka haijaondoka pale mjini. Tarehe 17 Desemba Anthony Eden, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisoma bungeni London tamko la Mataifa Washirika, yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani, la kulaani mauaji hayo, na wabunge wakasimama kimya. Siku hiyo, geto la Warsaw lilikuwa limeshapoteza watu wapatao 265,000 waliopelekwa Treblinka.