Wasifu wa Bibi Unaandikwa Jikoni

(Mhadhara kwa viongozi wa vikundi vya kufa na kuzikana, Ujiji, Kigoma)

Mama zangu, baba zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa kuzungumzia wasifu wa marehemu. Nitajibana kwenye wasifu wa bibi, maana huo ndio tunaouharibu zaidi. Wa mzee wa kiume njia yake inajulikana: alisoma wapi, aliajiriwa reli au bandarini, alistaafu lini. Akifariki mama wa miaka themanini ambaye hakuwahi kuajiriwa, msomaji anasimama chini ya turubai anasema alikuwa mke mwema, mama mlezi, mcha Mungu, mkarimu kwa wote. Futa jina lake pale juu, na karatasi hiyo hiyo itamfaa mama yeyote kuanzia Kibirizi mpaka Kasulu.

Si kwamba hakupendwa. Tatizo ni nani aliulizwa. Mwandishi hukaa na wanaume kwenye viti, wakamtajia ukoo, kijiji na jina la mume, akafunga daftari. Maisha ya yule mama yako jikoni, kwa wanaomenya ndizi na kuchambua maharage usiku ule: wifi yake, jirani aliyekuwa akichota naye maji, mkwe aliyekaa naye miaka ya mwisho. Nenda huko, kaa chini, shika kisu umenye nao. Na uende mapema, kabla ya saa nne usiku. Baada ya hapo wenye habari wamelala, waliobaki wanaimba.

Anza na mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho kikisema 1 Januari au 1 Julai, kitilie shaka, kwa sababu mara nyingi hayo ni makadirio ya siku ya kuandikishwa. Kipime kwa kifungua mimba wake. Kitambulisho kikisema mama alizaliwa 1950 na mtoto wa kwanza ni wa 1962, kuna kosa mahali. Wala usimuulize bibi mwenzake "ilikuwa mwaka gani?" Atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize: "Wakati ule alikuwa na mtoto gani mgongoni?" Uhuru ulikuwa Desemba 1961. Azimio la Arusha, Februari 1967. Operesheni Kigoma ya kuhamishia watu vijijini ilianza 1972. Vita vya Kagera vilikuwa 1978 hadi 1979. Wimbi kubwa la wakimbizi kutoka Burundi lilikuja 1993. Akikujibu "tulipohama kwenda kijijini alikuwa ananyonyesha Chiza", umeshapata mwaka, ukikosea ni kwa mmoja au miwili. Andika "mnamo" na uendelee.

Ila hapo kwenye Chiza simama kidogo. Kwetu mapacha ni Bukuru na Butoyi, na anayezaliwa nyuma yao ndiye Chiza. Ukiwa na Chiza kwenye orodha huku huna Bukuru wala Butoyi, basi kuna wawili hawajatajwa, isipokuwa kama jina limerithiwa kwa babu. Muulize mwanamke mzee, kwa sauti ya chini. Pengine walifariki wachanga, na mama yao alikuwa akiwahesabu miaka yote hiyo.

Ndiyo maana sentensi ya watoto naitaka iwe na hesabu mbili: alijaliwa watoto tisa, walio hai ni sita. Kisha wajukuu, vitukuu, na vilembwe kama wapo. Waliolelewa naye bila kuzaliwa naye wapewe sentensi yao, kwa majina. Orodha isomwe kwa kufuata kuzaliwa, si kwa vyeo, wala aliyegharamia jeneza asitangulizwe. Ugomvi mwingi wa matanga huanzia hapa: mtoto aliyerukwa anasikia kwamba amefutwa kwenye mirathi. Wasifu haugawi mali, hilo ni la kikao cha ukoo na mahakama, lakini mtu aliyefiwa juzi huwezi kumweleza sheria. Msomee orodha kila mtoto kabla ya asubuhi, mmoja mmoja.

Sasa kazi zake, na hapa msiwe na haraka. "Alikuwa mchapakazi" ni maneno matupu. Chukua mama aliyekamua mawese. Uliza alifanyaje, na hata kama unajua, uliza. Mikungu ya chikichi ikikatwa huachwa siku kadhaa punje zilegee, zichambuliwe, zichemshwe kwa saa kadhaa mpaka nyama ya tunda ilainike. Zitwangwe kinuni, zikamuliwe, mafuta yaenguliwe juu ya maji, kisha yarudishwe jikoni mara ya pili yakauke maji. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayomtambulisha mtu. Mwenye haraka anaepua mapema. Maji yanabaki, mafuta yanarukaruka kwenye kikaango na hayakai, yanachacha. Majirani wakikwambia mawese yake yalikaa bila kuharibika, wamekueleza tabia yake kwa njia ambayo neno "mvumilivu" haliwezi.

Au alianika dagaa. Wavuvi hutoka na taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Kwa hiyo fedha ya mama huyo iliingia kwa giza na kukatika kwa mwezi, na ada ya shule haingoji mwezi. Alizibaje siku zile? Alikopa, aliuza ndizi, aliweka kibubu? Jibu la swali hilo liandike.

Mfano wa kubuni, muone urefu unaotosha: "Alikamua mawese kwa mkono. Dumu moja la lita 20 lilikuwa la nyumbani, la pili aliliweka chini ya kitanda na hakuliuza mpaka shule zifunguliwe." Hapo hujataja upendo, na hakuna aliyeukosa.

Kuhusu mume, andika mwaka wa ndoa, na kama amemtangulia, miaka aliyokaa mjane. Kama kulikuwa na mke mwenza, atajwe kwa heshima. Ugonjwa uwe sentensi moja ambayo familia imeikubali. Usitaje nani alizembea, wala nani anashukiwa kijicho. Kipaza sauti hakirudishi maneno.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, halafu lile la nyumbani. Kifo kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku 30, na familia ikizoea majina mawili tofauti kwenye karatasi zake, itahangaika baadaye kwenye mirathi.

Maneno 400 ni dakika nne hadi tano kwa msomaji asiyekimbia. Yakizidi, jua la saa saba linawashinda wazee. Andika upande mmoja wa karatasi, herufi kubwa, kurasa ziwe na namba, kwa sababu upepo wa ziwani haubagui. Msomaji asiwe kitinda mimba wake, na kama ameng'ang'ania, asimame na mtu mwenye nakala ya pili aendeleze sauti ikikatika. Kwa Waislamu mazishi hayangoji. Wasifu mara nyingi unasubiri hitima, na kwa kweli hao ndio wenye muda wa kuuandika vizuri.

Ukimaliza, usiupeleke moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati. Rudi jikoni, umsomee wifi yake wote, polepole. Akikukatiza kwamba dumu la ada halikuwa chini ya kitanda, lilikuwa nyuma ya mlango, futa, andika nyuma ya mlango.