Kifaransa msikipitishe kwenye Kiingereza

Wangapi hapa mmechagua Kifaransa kwa sababu mmesikia ni GPA ya bure? Msicheke, nyosheni mikono. Haya, nyie badilisheni mapema kabla usajili haujafungwa, maana kozi zingine unaweza ukapewa desa usiku wa kuamkia pepa na ukatoboa, ila lugha siku ya orali umekaa uso kwa uso na ticha na desa lako liko hosteli.

Mimi nilipigwa hapohapo. Ticha kaniuliza Quel âge avez-vous, una miaka mingapi, swali la chekechea kabisa, nikajibu kwa kujiamini Je suis vingt ans. Akaguna tu akaandika kitu. Kosa lilitoka wapi? Niliwaza Kiingereza kwanza, ambako mtu "ni" miaka ishirini, nikageuza neno kwa neno, wakati Mfaransa anasema kama bibi yangu tu, J'ai vingt ans, NINA miaka ishirini! J'ai faim, nina njaa. J'ai soif, nina kiu. J'ai sommeil, nina usingizi, hiyo mtaitumia sana vipindi vya saa moja asubuhi.

Na sio hapo tu. Gari jekundu ni voiture rouge, rangi inakuja nyuma kama kwetu. Je t'aime, angalia hiyo t' imekaa wapi, ndo ileile ku- ya na-ku-penda, inakaa kabla ya kitendo, Kiingereza kinaipeleka mwisho. Halafu mnalalamika eti le na la ngumu, yaani kila nomino ni ya kiume (le) au ya kike (la), nyie mnaosema kiti kimevunjika, meza imevunjika, mti umevunjika bila hata kufikiria, leo mnaogopa ngeli mbili? Kukariri utakariri lakini, hakuna ujanja, so kwenye daftari usiandike table peke yake, andika la table, hata kama jirani yako anakuona mshamba.

Matumizi yapo. 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubali Kifaransa kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, 2022 Kongo ya Kinshasa ikaingia, na Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iko hapo Arusha inahitaji wakalimani. Ila mazoezi msisubiri Arusha, nendeni Kariakoo.

Mi nilienda. Nikamkuta mama wa Lubumbashi anafungasha mzigo wa vitenge, nikamuuliza kwa Kifaransa changu cha darasani amechukua pisi ngapi, akasema nonante. Nikaganda. Darasani tisini ni quatre-vingt-dix, ishirini mara nne jumlisha kumi, nimeikesha wiki nzima hiyo hesabu, kumbe Wakongo wanafuata ya Wabelgiji, neno moja tu limeisha. Akaniangaliaa, akanionea huruma, akasema, "Tisini, mtoto yangu. Kamata hapa tufunge."