LEO UJI UKO JUU: namna ya kuzima jeni ya nzi

ZUHURA: Baraka, hiyo sahani ya ndizi mbivu umeileta kwa makusudi?

BARAKA: Nimeileta nile, dada. Hivi vijinzi vimejileta vyenyewe.

ZUHURA: Basi wasikilizaji karibuni, na wageni wa leo wameshafika. Hawa wanafanana sana na Drosophila melanogaster. Msiwachanganye na nzi wa maembe anayewatia hasara wakulima wetu. Yule ni mkubwa zaidi, wa ukoo mwingine. Huyu mdogo anapenda tunda lililoanza kuchacha, na maabara zimemfuga kwa zaidi ya miaka 100.

BARAKA: Kisa?

ZUHURA: Anazaliana upesi. Kwenye nyuzi 25, kutoka yai hadi nzi kamili ni siku kama 10. Unamharibia jeni moja, unatazama nini kimeharibika mwilini, ndipo unajua jeni ile ilikuwa na kazi gani.

BARAKA: Kama kupika pilau bila bizari.

ZUHURA: Hasa. Wa mwanzo kuwa mashuhuri alijitokeza mwenyewe. Mwaka 1910, New York, Thomas Hunt Morgan alimwona dume mmoja mwenye macho meupe kati ya wenzake wa macho mekundu. Jeni ikaitwa white, nyeupe.

BARAKA: Kwa hiyo jeni ya white inaleta weupe.

ZUHURA: Hapo wote tulinasa! Kazi yake ni kulisaidia jicho liwe jekundu. Ikiharibika ndipo jicho linakuwa jeupe. Jeni nyingi za nzi zinaitwa kwa hitilafu yake. Ni kama kumwita fundi bomba "Mafuriko", kwa kuwa asipokuja nyumba inajaa maji.

BARAKA: (anacheka) Lakini huwezi kukaa unangoja bahati.

ZUHURA: Hukai. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kuwa eksirei huzidisha mabadiliko ya jeni. Baadaye zikaja kemikali: dume ananyweshwa maji ya sukari yenye EMS, wanawe wanazaliwa na hitilafu huku na kule. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walifanya hivyo Heidelberg, Ujerumani, wakakaa kwenye hadubini, ukoo baada ya ukoo, wakitafuta mabuu yaliyokosa pingili. Matokeo yalitoka 1980, Nobel ikaja 1995, pamoja na Edward Lewis.

BARAKA: Bado ni kurusha mawe gizani. Umesikia kitu kimelia, hujui umempiga nani.

ZUHURA: Ndiyo, na kumjua kulichukua miaka. Leo twaanzia upande wa pili: jeni tunaijua jina, tunataka kuinyamazisha. Chukulia jeni ni mama aliye jikoni. Anamtuma mtoto dukani na karatasi. Huyo mtoto ni RNA. Kuna njia ya kumvizia mtoto kwenye kona ukamchania karatasi. Inaitwa RNAi. Mama hujamgusa, anaendelea kutuma.

BARAKA: Mmoja mmoja atapenya.

ZUHURA: Atapenya. Ndiyo maana tunasema umeipunguza jeni, hujaiondoa. Andrew Fire na Craig Mello walilieleza jambo hili mwaka 1998, kwa minyoo, wakapata Nobel 2006. Raha ya nzi ni kwamba unachagua kona. Kuna protini iliyotolewa kwenye hamira, GAL4. Ndiyo inayouamsha mtego wa RNAi, nawe unaipanga iwepo jichoni tu, au kwenye neva tu. Jeni ambayo ukiizima mwili mzima kiinitete kinakufa, unaizima jichoni na nzi anaishi. Vienna, mwaka 2007, walitangaza maktaba ya nzi hai wenye mitego hii, ikigusa karibu asilimia 88 ya jeni zinazotengeneza protini. Unaagiza, wanakuja kwa posta.

BARAKA: Nzi kwa posta!

ZUHURA: Kwenye vichupa, na chakula chao cha safari. Sasa sikia balaa. Katika kundi jingine la maktaba hiyohiyo, linaloitwa KK, baadhi ya nzi mtego wao ulipandikizwa jirani na jeni iitwayo tiptop. GAL4 ikija kuamsha mtego, inaiamsha na tiptop. Bawa limepinda, unashangilia jeni yako, kumbe ni tiptop. Hilo lilichapishwa 2014.

BARAKA: Yaani umemvizia mtoto konani, kelele zako zimemwamsha jirani.

ZUHURA: Usinikumbushe. Miezi 4 yangu iliondoka na jirani wa namna hiyo.

BARAKA: Pole. Na CRISPR je?

ZUHURA: Hiyo inaingia jikoni kwa mama mwenyewe. Kwa nzi ilianza 2013. Kimeng'enya Cas9 kinaongozwa na RNA yenye herufi 20 hivi hadi mahali pake, kinakata DNA, yaani maandishi ya jeni yenyewe. Seli inaunga harakaharaka, mara nyingi inapoteza herufi. Andika hapo: LEO UJI UKO JUU. Seli inasoma herufi tatutatu. Futa U ya uji, usome.

BARAKA: LEO… JIU… KOJ… UU. Koj?

ZUHURA: Ishia hapohapo, watoto wanasikiliza! Umefuta herufi moja, sentensi yote ya mbele imeharibika.

BARAKA: Basi mitego iende stoo.

ZUHURA: Haraka ya nini? Zikitoka herufi 3 kamili, neno moja linapungua, zilizobaki zinasomeka, na jeni inaweza kuendelea kufanya kazi. Kwa hiyo lazima usome DNA upya kabla hujajisifu. Na jeni ya uhai ukiikata mwili mzima, hupati nzi wa kumtazama. Mimi natumia zote mbili. Kisha namrudishia nzi jeni iliyo nzima. Akipona, hapo ndipo nakaa kuandika.

BARAKA: Na hawa wa kwenye ndizi zangu?

ZUHURA: Sogeza sahani. Macho yana rangi gani?

BARAKA: Mekundu.

ZUHURA: Basi white iko kazini. Funika ndizi.