Ushahidi Ulikuwepo Mapema

Ndugu zangu, kila nikizungumzia kemikali zinazovuruga homoni naulizwa: mbona wanasayansi walichelewa? Hawakuchelewa! Mwaka 1936, London, mwanasayansi Charles Dodds na mwenzake walionyesha kwamba bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki, hufanya kazi kama estrojeni, homoni ya kike. Plastiki za kemikali hiyo zilikuwa bado hazijafika jikoni kwa mtu. Mwaka 1938 Dodds huyohuyo akatangaza DES, estrojeni ya kutengenezwa maabara. Hapo kwenye DES nitakaa, mnivumilie.

Marekani wajawazito walipewa DES eti mimba zisiharibike. Mwaka 1953 William Dieckmann na wenzake kule Chicago wakachapisha majaribio ya wanawake zaidi ya 1,600, wengine wakipewa DES, wengine kidonge kisicho na dawa. DES haikuzuia mimba kuharibika. Matokeo yako wazi, na bado wajawazito wakaendelea kuandikiwa kwa miaka 18. Miaka 18! Hili linaniudhi mpaka leo.

Kisha Boston wakatokea wasichana wa miaka 15 hadi 22 wenye saratani ya uke, ya aina ambayo kwa umri huo ilikuwa nadra mno. Mama wa mmoja wao ndiye aliyewauliza madaktari: ile dawa niliyomeza nikiwa na mimba yake, haihusiki? Mama mzazi, jamani, ndiye aliyeuliza. Daktari Arthur Herbst na wenzake wakafuatilia. Kati ya wagonjwa 8, mama wa 7 walikuwa wametumia DES. Kati ya mama 32 wa kulinganisha nao, hakuna hata mmoja. Hiyo ni Aprili 1971. Novemba serikali ikawaonya madaktari wasiwape wajawazito DES.

Yupo atakayesema: hiyo ni dawa, mtu kameza kwa wingi, kwenye maji na chakula ni chembe tu. Ndugu yangu, homoni zako mwenyewe hufanya kazi kwa chembe! Na mtoto tumboni viungo vyake hujengwa kwa amri za homoni hizo, kila kiungo na wiki zake. Ukishavuruga wiki hizo hazirudi. Kwa hiyo usiulize kiasi gani tu, uliza na lini.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: Ana Soto na Carlos Sonnenschein, Chuo Kikuu cha Tufts, waliona seli za saratani ya matiti zikiongezeka bila kupewa estrojeni, kumbe mirija ya plastiki ya maabara ilikuwa inatoa nonilifenoli, kemikali nyingine inayofanya kazi kama estrojeni. Julai 1991 mwanasayansi Theo Colborn akawaweka chumba kimoja, kwenye kituo cha mikutano cha Wingspread, Wisconsin, watu wa wanyamapori, wa homoni na wa tiba, kila mmoja na kipande chake cha ushahidi. Kutoka 1936, hesabuni miaka wenyewe.