Nakili Kwanza, Usafi Baadaye

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine hamjambo. Najua ni msimu na kuna watu hapa wameacha korosho zao uani kuja kunisikiliza, kwa hiyo sizunguki. Tangazo la mlangoni linasema programu za kutunza na kulinda kompyuta ya nyumbani, na naona madaftari yameshafunguliwa, mnasubiri nitaje majina kumi mkadaunlodi usiku bando likiwa rahisi. Majina nitataja. Ila mimi nina meza ya ufundi hapa Mtwara mwaka wa tisa sasa, na katika wote waliokuja pale wanalia sijaona hata mmoja aliyelia kwa kukosa programu ya usafi. Wanalia vitu vyao vimepotea. Hilo nalisema kila nikipewa maiki na leo nalirudia tena.

Nani hapa laptopu yake imekuwa nzito? Mwalimu, wewe hapo mbele, umenyoosha mkono kabla sijamaliza kuuliza. Ilete. Sifuti kitu, nachomeka flashi yangu tu, humu nina programu inaitwa CrystalDiskInfo, ya bure, ndogo sana. Kila hadidiski ina daftari lake la ndani, inajiandikia yenyewe imewaka masaa mangapi, joto lake, sehemu gani imeshindwa kusoma. Hii programu inakufungulia hilo daftari ulisome basi, haina kazi nyingine. Kisanduku kikiwa bluu diski ni nzima, njano jihadhari, nyekundu imekwisha. Haya imefunguka, mnaiona ukutani? Njano.

Mwalimu usishtuke, ila njoo uangalie huu mstari wa C5. Hivi ni vipande vya diski vinavyogoma kusomeka. Inatakiwa isome sifuri, yako ina kumi na sita. Na huu wa 05 ni vile vilivyokufa kabisa, diski ikavizika na kutumia vya akiba. Mle ndani una nini? Alama za wanafunzi, mitihani, picha za mtoto. Una nakala mahali pengine? Haya basi, nachomeka ekstano yangu, yaani hadidiski ya nje, tunanakili sasa hivi mbele ya watu, mafaili yako na picha tu, Windows hatuihitaji, Windows inapatikana popote. Inasema saa moja na dakika ishirini. Iacheni hapo mezani na mtu asipite karibu na huo waya.

Sasa niwaambie kwa nini sikuanza na usafi.

Msimu mmoja alinijia karani wa chama cha msingi, chama sikitaji, kijana mwenye adabu zake, amepanda gari alfajiri kutoka upande wa Newala, laptopu ameiviringisha kwenye kanga ya mama yake na ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Humo ndani kuna orodha ya wakulima, kilo za kila mmoja zilizoingia ghalani, namba za akaunti za benki. Mnada umeshapita. Mnajua wenyewe mkulima anayesubiri hela ya korosho huku ada inadaiwa na dukani amekopa, hana masihara na mtu. Akaniambia fundi, ilianza kuwa nzito kama mwezi hivi, jamaa yangu akaniwekea programu za kusafisha tatu na antivairasi mbili, haikupona, jana usiku nikaipiga difragi nikalala, asubuhi haiwaki. Nikaibonyeza iwake, nikaiweka sikioni. Tik, tik, tik, kimya, halafu tik tena, kama mtu anagonga ukucha kwenye kopo.

Ule mlio ukiusikia zima. Chomoa umeme, toa na betri kama inatoka. Usiseme ngoja nijaribu mara ya mwisho tuone, maana hiyo mara ya mwisho ndiyo inayoua.

Na hii difragi watu wanaipenda sana kwa hiyo niieleze. Faili kwenye diski ya kuzunguka linaweza kukaa vipandevipande, hiki huku kingine kule, difragi inasoma vipande vyote na kuviandika upya vikae pamoja. Usiku kucha kichwa cha kusomea kinakwenda na kurudi. Diski nzima haioni shida. Diski inayokufa ukiifanyia hivyo umemtoa mgonjwa wa moyo wodini ukamkimbiza mpaka Mikindani. Na kama laptopu yako ina SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, difragi haina faida yoyote, inakula umri wake bure, Windows yenyewe inajua namna ya kuitunza, usiingilie.

Sasa hesabu. Yule kijana alikuwa na programu tano za kutunza kompyuta na hakuna hata moja iliyotazama afya ya diski. Zilifuta mafaili ya muda, zikafuta historia ya browza, zikamwekea tiki ya kijani kwamba iko safi, naye akaamini, kwa nini asiamini? Nilikaa na ile diski siku mbili. Nilitumia ddrescue, programu ya kuokoa mafaili, inaendeshwa kwenye Linux, mfumo wa kompyuta kama Windows ila wa bure, yenyewe inachota kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi halafu ndo inarudi kwenye zile ngumu. Picha za harusi ya dada yake nilizipata karibu zote. Lile faili la wakulima lilifunguka nusu, kuanzia katikati kwenda chini ni alama hazisomeki. Wakarudi kwenye stakabadhi za karatasi, wakaandika upya mkulima mmoja mmoja siku nane, na watu wamekaa nje kwenye mwembe wanasubiri. Kijana alikonda. Na mimi lile faili nililipima: halikufika megabaiti mbili. Megabaiti mbili jamani! Angejitumia mwenyewe WhatsApp kila jioni yasingemkuta yale.

Mtu atasema sawa fundi, basi niweke hiyo CrystalDiskInfo nilale. Hapana. Google walichapisha utafiti mwaka 2007, waliangalia diski zaidi ya 100,000, na katika zilizokufa zaidi ya nusu hazikuwa zimeonyesha lolote kwenye zile dalili nne kubwa, ikiwemo hii 05. Diski inaweza kuwa bluu leo na kesho ikafa. Kwa hiyo njano ikitokea ishukuru, umepewa muda, ila usikae unaisubiri.

Dawa ni bakapu. Kuna kanuni ya 3-2-1, ilitangazwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja iwe mbali na nyumba. Kwa kazi hiyo mimi naweka FreeFileSync, ya bure pia, unaipa folda ya kompyuta na folda ya ekstano, inalinganisha na kunakili kile kilichobadilika tu, kwa hiyo mara ya kwanza ni ndefu, baada ya hapo ni dakika chache. Angalizo moja hapo: ina namna inaitwa Mirror na namna inaitwa Update. Anayeanza achague Update. Mirror inafanya ekstano ifanane kabisa na kompyuta, maana yake ukifuta faili huku kwa bahati mbaya na kule inalifuta. Na ukimaliza chomoa, weka kabatini. Ekstano inayokaa imechomekwa mwaka mzima, siku virusi vya kufunga mafaili, vile vinavyodai ulipe ndo ufunguliwe, vikiingia vinaifunga na yenyewe.

Ekstano ni ghali, naelewa. Anza na flashi moja ya maana, weka yale ambayo hayawezi kupatikana tena, muziki na muvi achana nazo. Kuna na wale wa Google Drive, wanasema vyangu vyote viko mtandaoni. Vizuri, hiyo ndo nakala yako ya mbali. Lakini si mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilivyopita barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, na wiki iliyofuata nyaya za baharini zikakatika intaneti ikawa ya kuokoteza? Uwe na moja ya kushika mkononi.

Haya virusi, na hapa nakimbia kidogo maana muda naona unakwenda. Kila nikifika hapa mzee mmoja ananiambia mjukuu wangu, kompyuta yangu haina intaneti, virusi vitatoka wapi? Vinatoka kwenye flashi, babu. Kile kirusi cha Stuxnet kilichojulikana 2010 kiliharibu mitambo ya urani ya Iran pale Natanz, mitambo ambayo haikuunganishwa na intaneti, na kilitembea kwa flashi. Huku kwetu njia kuu ni steshenari. Unakwenda kuprinti barua, flashi inapita kwenye kompyuta iliyopokea flashi za mji mzima, unarudi nyumbani unafungua unakuta folda zako zote zimekuwa shotikati. Hazijafutwa! Zimefichwa, na ile shotikati ukiibofya ndo unamkaribisha ndani. Usifomati kwa hasira. Iskani kwanza, halafu fungua ile dirisha nyeusi ya amri, cmd, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mahali pa E weka herufi ya flashi yako, folda zinarudi zote, shotikati ndo unafuta. Andikeni hiyo, na hizo nafasi ziwe kama zilivyo hapo ukutani. Na nyie wenye steshenari mliomo humu nawaomba sana, skanini flashi ya mteja kabla hamjaifungua, mkilala nyie mji mzima unaugua.

Antivairasi ipi? Ile iliyomo, Microsoft Defender, inakuja na Windows 10 na 11, kwa kompyuta ya nyumbani inatosha kabisa ikipewa apdeti. Ikipewa apdeti! Mkulima hapa anajua, salfa unapuliza mkorosho ukiwa unatoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga ukishaunguza maua unapuliza nini? Virusi vya WannaCry vilipiga tarehe 12 Mei 2017, kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa, na apdeti ya kuziba ule ufa wa Windows walioingilia Microsoft walishaitoa tarehe 14 Machi. Miezi miwili watu hawajaiweka. Najua kelele za bando. Microsoft wana faili moja la apdeti za Defender linaitwa mpam-fe, mtu mmoja analidaunlodi, analiweka kwenye flashi safi, ofisi nzima au mtaa mzima mnaweka bila intaneti. Angalia tu kompyuta ni ya biti 64 au 32. Kwangu lipo kila Jumatatu, njoo unakili, sitozi hela.

Usiweke antivairasi mbili za kulinda muda wote, zinagombana na kompyuta inakuwa nzito zaidi. Ukiwa na wasiwasi weka Malwarebytes ya bure, iskani mara moja, basi.

Na krak. Hapa nasimama kidogo. Krak ni programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure, na mimi naiita kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho. Mnunuzi wa kangomba anakuja mpaka mlangoni una njaa, hakuna foleni wala makato, anakupimia kwa bakuli lake, unaona umepata. Hasara unaiona msimu ukifika. Kuna ukoo wa virusi vya kufunga mafaili unaitwa STOP au Djvu, njia yao kubwa ni hizi hizi krak na funguo za bure, na waathirika wao wakubwa ni watu wa nyumbani kama sisi. Na wanaogawa krak wanakuambia zima antivairasi kwanza, unazima kwa mkono wako mwenyewe! Tumia za bure za halali, LibreOffice ya kazi za ofisi ipo, 7-Zip ya kufungua mafaili yaliyobanwa ipo, VLC ya video ipo. Hata za halali daunlodi kwa mwenyewe aliyezitengeneza.

Za usafi sasa, maana mmezisubiri. Windows ina Disk Cleanup na ina Storage Sense, tumia hizo. CCleaner? Mwaka 2017 toleo lake la 5.33 liliingiliwa na wezi huko huko kiwandani, likaenda kwa watu zaidi ya milioni mbili likiwa na mlango wa nyuma. Walilirekebisha, ila unaona, kila programu unayoongeza ni mlango umeongeza, na huu mlango kazi yake Windows ilikuwa inaifanya tayari.

Pasiwedi nilitaka nizungumzie kwa kirefu, sitaweza, andikeni Bitwarden au KeePass, programu za kutunza pasiwedi, mje tuongee. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye mashine isiyokubali Windows 11 asiitupe, tutamwekea Linux Mint. Umeme ukikatika ghafla na kompyuta ikawaka na makosa, tumia chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, lakini baada ya kunakili, nimeshasema.

Dada umeuliza kama tunaweza kuiendesha chkdsk kwenye hii ya mwalimu sasa hivi ili ipone. Hapana dada, hiyo nayo inaisumbua diski usiku kucha, tukiiendesha leo tunaweza kuimaliza. Inanakili bado, asilimia sitini na moja, imekwama kwenye folda ya picha, inasoma faili moja kwa dakika nzima. Tuisubiri. Mwalimu vuta kiti ukae hapa na mimi, wengine mnaweza kwenda kula, na nani ana hadidiski yenye nafasi tumpatie na nakala ya pili?